Mwanga Huakisi, Huvunjika au Hupinda?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Kisumu. Kifungu cha ufahamu tulichowapa wanafunzi kinasema "mwanga huakisi unapoingia majini." Mwenzangu anashikilia kwamba "huvunjika." Nani yuko sawa?

JIBU: Hakuna, ingawa mwenzako ana udhuru. Upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, ukitumbukizwa majini pale ufukwe wa Dunga, Ziwa Victoria, huonekana umevunjika, lakini kilichovunjika ni sura ya upondo tu. Mwanga wenyewe hupinda.

Kero yangu ni hilo "akisi." Asili yake ni Kiarabu, "aksi," yaani kinyume, kuakisi ni kurudisha. Siku hizi bajeti "inaakisi" maisha ya mwananchi, alama za mtihani "zinaakisi" juhudi, hata jezi mpya "inaakisi" utamaduni wetu. Kwani "onyesha" na "dhihirisha" wamefiwa, hawaji kazini? Sasa neno lenyewe limevamia fizikia, ambako lina kazi yake maalumu, na kuikoroga.

Turudi kwenye upondo. Hewani mwanga huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Majini, kama 225,000. Wimbi la mwanga likija mshazari, upande unaotangulia kugusa maji hupunguza mwendo huku ule mwingine ungali mbioni, basi wimbi zima hugeuza uelekeo. Urefu wa wimbi hupungua. Idadi ya mitetemo kwa sekunde haibadiliki. Mwanga ukishuka wima hupunguza mwendo pasipo kupinda. Sehemu ya upondo iliyo majini huonekana imeinuka kwa sababu miale inayotoka huko hupinda ikiingia hewani, nalo jicho hudhani imenyooka tangu mwanzo. Samaki aliye kina cha mita 1, ukimtazama kutoka juu yake, huonekana yuko kwenye sentimita 75. Anayechoma kwa mkuki kutoka pembeni alenge chini ya anapomwona, la sivyo atachoma maji. (Sauti, kinyume na mwanga, hupinda upande wa pili ikiingia majini, kwa kuwa humo huongeza mwendo: kutoka mita 340 hivi kwa sekunde hadi karibu 1,480.)

Kuakisi kupo pia. Mwanga ukianguka wima, uso wa maji hurudisha kama asilimia 2. Na mwanga ulio majini ukiugonga uso huo kutoka chini kwa pembe inayozidi digrii 49 hivi kutoka mstari wa wima hautoki kabisa, wote hurudishwa. Hapo andika "huakisiwa," tena usisahau hiyo -wa: maji ndiyo yanayoakisi.

Bajeti nimeichoka, iendelee kuakisi. Kifungu chenu kisahihisheni kabla ya kipindi kijacho: mwanga hupinda unapoingia majini.