Upinde mrefu: pima sehemu inayopinda

Upinde wa sentimita 176 wenye mshikio uliojaa mbao unaweza kukatika pale ambapo wa sentimita 165, wenye mshikio mfupi, ungedumu miaka. Mshikio haupindi. Kila unachozidisha pale katikati, mikono miwili ya upinde, yaani sehemu zinazopinda juu na chini ya mshikio, ndiyo inayokilipia.

Anza na mvuto wako. Kwa mtu mzima wa kawaida ni kama sentimita 71 kutoka ugwe uliovutwa hadi mgongo wa upinde (upande unaoelekea shabaha). Zidisha mara mbili upate 142, ongeza sehemu ya kumi, unafika 156: hiyo ndiyo mbao inayotakiwa kupinda. Kisha ongeza sehemu ngumu, yaani mshikio wa sentimita 10 na miteremko miwili (pale mshikio unapopungua unene kuingia mkononi mwa upinde) ya sentimita 5 kila mmoja. Jumla 176. Ukiupenda mshikio mnene wenye nakshi wa sentimita 40, refusha upinde, maana ukibaki na 176 mikono inabakiwa na 136 tu. Dalili utaziona: mvuto unakuwa mgumu ghafla mwishoni, mikono inabaki imejikunja hata ukivua ugwe, na tumboni, yaani upande unaokuelekea wewe, vinatokea vikunjo vyembamba vya kukatiza. Vikunjo hivyo havitibiki.

Kurefusha mno nako kuna gharama. Ncha zinakuwa nzito, mshale unatoka polepole na mkono wako unatikiswa.

Katikati ya upinde isiwe katikati ya mshikio. Piga mstari kwenye sentimita 88, weka 3 za mshikio juu yake na 7 chini. Mshale utapita juu tu ya kidole. Toa mshikio na miteremko: mkono wa juu una 80, wa chini 76. Kwa kuwa wa chini ni mfupi na ndio unaobeba zaidi, uache uwe mgumu kidogo. Upinde ukiwa na ugwe, pima kutoka ugwe hadi tumbo, mwisho wa kila mteremko. Juu pazidi chini kwa milimita 3 hadi 6. Pakiwa sawa kabisa, usishangae mkono wa chini ukilegea baada ya wiki chache za kulenga shabaha.

Mteremko ndio unaowaponza wengi. Unene ushuke taratibu kutoka sentimita 4 za mshikio, na upana ufikie 4 kabla mbao haijaanza kupinda. Ukishusha kwa pembe kali, mkono utapinda hapo hapo. Kama mshikio ni kipande cha mninga kilichogundishwa, kitabanduka, na kukirudishia gundi ya epoksi ni kupoteza muda ikiwa mbao ya chini yake bado inapinda.

Kwenye kusawazisha mpindo wa mikono, kwangua kidogo kwa tupa au kisu, vuta taratibu mara 20 au 30, ndipo upime tena. Usivute kupita uzito wa mvuto unaoutaka, hata mara moja.

Gogo la mkole, mti wa kutengenezea upinde, lipasuliwe, ncha zipakwe rangi au nta (nta ya nyuki ya Sikonge, Tabora, inafaa sana) na likauke kivulini. Septemba na Oktoba usilitundike chini ya bati: mbao iliyokauka kupita kiasi haipindi, inapasuka.