Maswali ya Wasomaji: Magsaysay, fundi wa mabasi aliyeingia msituni

SWALI: Mhariri, kijiweni tulibishana kuhusu Ramon Magsaysay, aliyekuwa rais wa Ufilipino. Mmoja alisema alipigana na Wajapani kweli katika Vita vya Pili vya Dunia, mwingine kwamba hizo ni mbwembwe za kampeni. Nami nilisikia wenzake walinyimwa mafao, kama wazee wetu Keya (askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza) waliotoka vitani Burma walivyolalamika. Ukweli ni upi?
Mjukuu wa Keya, Jinja

JIBU: Alipigana. Kabla ya vita alikuwa fundi, kisha meneja, katika kampuni ya mabasi, ndiyo maana jeshi la Ufilipino, nchi iliyokuwa bado chini ya Marekani, lilimweka kwenye magari ya Divisheni ya 31. Rasi ya Bataan ilipoanguka mikononi mwa Wajapani Aprili 1942 hakujisalimisha. Aliingia msituni katika mkoa wa Zambales, akaishia kuongoza wapiganaji wapatao 10,000. Tarehe 29 Januari 1945 Wamarekani waliposhuka pwani ya Zambales, walikuta watu wake wameshaushika uwanja wa ndege wa San Marcelino. Mabomu ya kusafisha ufuo hayakuhitajika.

Ukitaka aliyejipamba kwa vita, mtazame Ferdinand Marcos, rais mwingine wa baadaye. Kikosi cha msituni alichodai kukiongoza, jeshi la Marekani lilikikataa.

Maana jeshi hilo halikukitambua kikosi kwa maneno tu. Kilitakiwa kiwe na muundo na amri inayoeleweka, kiwe kimepigana bila kukatiza, na watu wake wawe wapiganaji wa muda wote, si mkulima wa mchana na askari wa usiku. Hapo ndipo wengi walikwama: msituni ni nani aweke daftari la majina, wakati Mjapani akilinasa kijiji kizima kinachinjwa? Waliodai kutambuliwa walizidi milioni moja. Waliotambuliwa ni kama 260,000.

Na hata kutambuliwa hakukutosha. Februari 1946 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyosema utumishi wa Wafilipino hao haukuwa utumishi wa jeshi la Marekani kwa ajili ya mafao mengi. Fidia ya kifo au ulemavu ilibaki, ila mahali pa dola moja mtu alilipwa peso moja, na peso mbili ndizo zilizofanya dola. Yaani nusu.

Magsaysay alichaguliwa mbunge wa Zambales mwaka huohuo, akawa mwenyekiti wa kamati ya ulinzi. Mwaka 1948 alikwenda Washington kuwatetea wenzake, na sheria ya mwaka huo ikatoa fedha za matibabu na za kujenga hospitali ya wapiganaji, iliyofunguliwa 1955 Quezon City. Ilikuwa nafuu, si haki kamili. Malipo ya mkupuo yalikuja 2009: dola 15,000 kwa aliyekuwa raia wa Marekani, 9,000 kwa asiye raia. Magsaysay hakuyaona. Alikuwa rais tangu Desemba 1953, na ndege yake iligonga mlima Manunggal, Cebu, tarehe 17 Machi 1957. Kati ya watu 26 alipona mwandishi wa habari mmoja.