Caro-Kann ikikuchosha, jaribu f3

Mleta uzi analalamika kwamba kila akicheza sataranji na kete nyeupe pale kijiweni kwao Majengo, Moshi, akianza na e4 (herufi na namba ni nyumba ya ubao ambako kete inakwenda; isipotajwa kete, ni ile ndogo ya mbele), anajibiwa c6, yaani ulinzi wa Caro-Kann, mchezo unapooza na anaishia sare. Pole mkuu, huku Arusha ni vilevile. Vijana wameikariri Caro-Kann yote kwenye simu.

Mimi nikiwa na nyeupe nacheza hivi: e4 naye c6, d4 naye d5, kisha f3. Inaitwa Fantasia, wengine huiita Maróczy, kwa jina la yule bingwa wa Hungaria. Sura yake mbaya, sikatai. Unamnyima farasi nyumba yake na unamwacha mfalme wazi. Ila mtu wa Caro-Kann anapenda utulivu, na hapa haupati.

Wengi wanakula e4, unarudishia kwa kete ya f, wanasukuma e5. Hiyo e5 usiiguse! Malkia anakuja h4, cheki; ukiziba na g3 anakula e4, cheki tena, na ngome ya h1 imeondoka. Toa farasi f3.

Akila d4, achana nayo kwanza, leta askofu c4. Hapo wengi hurusha askofu b4, cheki. Ziba na c3. Akila c3, piga f7 kwa askofu. Mjanja hamli, anapandisha mfalme e7. Lete malkia b3, mchezo uendelee. Mwenye tamaa anamla, basi kula malkia wake d8. Atakula b2 huku akikupa cheki ya askofu, mfalme e2. Atakula ngome ya a1 apate malkia mpya, na watazamaji wataanza kukucheka. Waache. Farasi g5, cheki, hana pa kwenda ila g6. Malkia e8, cheki, atakimbilia h6. Farasi aruke e6, askofu wa c1 anafunguka na kutoa cheki, na yule malkia mpya hamfikii kwa sababu farasi wako wa b1 bado kakaa katikati. Akiziba na g5, askofu anaila: chekimeti. Jamaa mmoja hapa Ngarenaro alipigwa hivyo, akadai turudie palepale, kahawa yake hajaigusa.

Akijibu f3 kwa e6 badala ya kula e4, usitegemee fataki. Unatoa farasi c3, anambana kwa askofu b4, mnaishia kwenye kitu kinachofanana na Ulinzi wa Kifaransa, ule wa kuijibu e4 kwa e6. Ndiyo maana f3 naiweka kwa michezo ya dakika tano na vijana wenye haraka. Wale wazee wa kahawa wasio na papara nawachezea e5 ya kawaida badala ya f3.