Maswali yenu: seva ya akiba ikipoteana na seva kuu

Wengi mliouliza mnatumia hifadhidata ya PostgreSQL, kwa hiyo majibu yanahusu hiyo. Seva ya akiba ni ile inayopokea nakala ya data ya seva kuu muda wote.

Laini ya kwenda kwenye seva ya akiba ilikatika usiku kucha. Imerudi, lakini seva inalalamika kwamba faili ya WAL inayoihitaji imeshaondolewa. Nisubiri?

Utasubiri bure. Seva kuu huandika kila badiliko kwenye WAL, yaani kumbukumbu ya mabadiliko, katika faili za MB 16 kila moja, na isipozuiwa huzifuta au kuzitumia upya. Kama mlikuwa mnazihifadhi pembeni kwa archive_command, ipe seva ya akiba restore_command; itazisoma huko na kuendelea pale ilipoishia.

Kama hamkuwa nazo, itabidi data yote inakiliwe upya. Zima seva ya akiba, ondoa data yake, kisha endesha pg_basebackup (programu ya kunakili data yote) ukiwa na -R, inayoandika mipangilio ya kuifuata seva kuu, pamoja na -C -S akiba1 ili slot, alama ya kuitunzia seva ya akiba WAL yake, iwepo tangu mwanzo wa kunakili. Ongeza --max-rate=2M, la sivyo utaziba laini ya ofisi nzima. Kwa mwendo huo GB 100 huchukua kama saa 14, kwa hiyo anza Ijumaa jioni.

Kabla ya rm (amri ya kufuta), andika hostname usome jibu, ujue uko kwenye seva gani. Nafasi ikiwepo, tumia mv (kuhamisha) badala yake. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, alikusudia kusafisha seva ya akiba, akafuta data ya seva kuu. Data ya saa sita hivi ilipotea.

Nina slot, na sasa diski ya seva kuu imejaa. Nifute faili za pg_wal, saraka ya WAL?

Usiziguse! Ukifuta kwa mkono unaweza kuua hifadhidata nzima. Slot huizuia seva kuu kufuta WAL mpaka seva ya akiba ithibitishe kuipokea, hata seva hiyo ikiwa imekufa tangu mwezi jana. Tazama pg_replication_slots; slot yenye active = f (haitumiki sasa) na usiyoihitaji tena, iondoe kwa pg_drop_replication_slot, kisha endesha CHECKPOINT ili WAL isiyohitajika iondolewe. Kama seva imeshajizima kwa kukosa nafasi, ongeza diski au hamisha kitu kingine kwanza ndipo uiwashe.

Halafu weka kikomo. Tangu toleo la 13 kuna max_slot_wal_keep_size, ambayo ukiiacha ilivyo ni -1, yaani hakuna mwisho. Pima WAL ya saa moja ya shughuli nyingi, zidisha kwa saa unazotaka kuvumilia. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ya Afrika Mashariki ilisuasua kwa siku kadhaa. Kupigia hesabu saa 6 tu ni kujidanganya. Kwa GB 1 kwa saa, siku tatu ni GB 72. Kikomo kikipitwa, slot hupotea na unarudi kwenye swali la kwanza, lakini wateja wako wanaendelea kuhudumiwa.

Seva ya akiba ikizimika, kila COMMIT (amri ya kukamilisha muamala) kwenye seva kuu inaganda. Kwa nini?

Mmeiorodhesha peke yake kwenye synchronous_standby_names, orodha ya seva za akiba zinazosubiriwa, na seva kuu inangoja jibu lake. Kwa dharura: ALTER SYSTEM SET synchronous_standby_names = '', kisha SELECT pg_reload_conf(). COMMIT zilizoganda zitaachiwa. Dawa ya kudumu ni seva mbili za akiba na 'ANY 1 (a, b)', yaani yoyote moja kati ya hizo ikijibu inatosha. Iliyo karibu ndiyo itakayojibu mara nyingi: kilomita 1,000 za faiba ni angalau milisekunde 10 kwenda na kurudi, kwa kila muamala.

Tulipandisha seva ya akiba kuwa kuu. Ile ya zamani imefufuka. Niiunganishe tu?

Kwanza hakikisha hakuna programu inayoiandikia. Kisha kuirudisha kama seva ya akiba hutumika pg_rewind, programu inayoirudisha data yake ilingane na ya seva kuu mpya. Lakini huenda ina miamala ambayo haikuwahi kuvuka kwenda seva kuu mpya, na pg_rewind itaifuta, kwa hiyo nakili saraka yake ya data pembeni, mhasibu ataiulizia. pg_rewind yenyewe hudai mpangilio wa wal_log_hints au checksums (alama za kuhakiki data) ziwe zimewashwa kabla ya ajali. Kama hazikuwa, ni pg_basebackup tena.