Re: Mdogo wangu husimamishwa na polisi kila jioni

Dada, umesema mdogo wako, Msomali mzaliwa wa Majengo, Mombasa, hudaiwa kitambulisho kila jioni huku wenzake wakipita tu. Pole sana. Msilizoee jambo hili. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza serikali kumbagua mtu kwa rangi, kabila au dini.

La muhimu ni namba ya askari. Sheria ya polisi ya 2011 inamtaka askari mwenye sare avae jina au namba yake ya utumishi mahali panapoonekana. Mdogo wako asikimbie wala asibishane. Atoe kitambulisho, aulize kwa upole anashukiwa nini, aisome namba ile, na akishaachiliwa aiandike pamoja na saa na mahali. Akifanya hivyo kila mara, mtakwenda IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi, na ushahidi mkononi. Kupeleka malalamiko kwao hakulipiwi. MUHURI na HAKI Africa, mashirika ya kutetea haki za binadamu, nao wako hapa hapa Mombasa.

Akikamatwa, kifungu cha 49 cha Katiba kinamtaka askari amwambie sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa.

Lakini malalamiko huja mtu akishadhalilishwa. Kuzuia ni kazi ya kamati za polisi jamii, ambazo ile sheria ya polisi ya 2011 imeziweka. Kwa maoni yangu vijana wanaosimamishwa ndio wakae humo, wamuulize OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, uso kwa uso: doria ya jana ilimsimamisha nani, na kwa sababu gani? Ulizeni kamati ya mtaa wenu inakutana lini, mwende naye.