Mkate wa Biblia si mkate wa chai

Ukianza kufundisha shule ya Jumapili au kuongoza jumuiya hapa Kigoma ukapewa somo la mkate, jihadhari na jambo moja: msikilizaji wako anafikiria slesi za asubuhi, kitu cha kupaka siagi siku hela ikiwepo. Kwa Wayahudi wa wakati ule mkate ndio uliokuwa mlo, kama ugali wa muhogo kwetu. Ndiyo maana Biblia ya Union inasema "Utupe leo riziki yetu" pale ambapo Wakatoliki husali "mkate wetu wa kila siku", na Yohana 6:35 ikaandika "chakula cha uzima". Kigiriki ni neno lile lile, artos. Soma tafsiri mbili mbele ya darasa, watalikamata haraka.

Ila usianzie 6:35. Anzia Kutoka 16: mana, chakula Mungu alichowapa Waisraeli jangwani, pishi moja kwa kila kichwa, siku ya sita maradufu, na iliyolazwa bila ruhusa ikaingia mabuu. Watu wa Yohana 6 wanaitaja wenyewe (6:31), na asiyeijua hataelewa ubishi wao. Kisha njoo kwenye mikate mitano ambayo Yesu aliwalishia umati. Ilikuwa ya shayiri, nafaka ya wanyonge. 2 Wafalme 7:1 inaipa nusu ya bei ya unga mzuri. Wale samaki wawili Yohana anawaita kwa neno la kitoweo, yaani visamaki vya kulia mkate. Kwa watu wa ziwani, ugali na dagaa, hapo huna la kuongeza. Mfano huo uishie darasani, maana mezani pa Bwana kila kanisa lina utaratibu wake; hostia (mkate wa komunyo) ya Wakatoliki wa hapa ni ngano tupu isiyotiwa chachu.

Chachu ndiyo inayowaangusha walimu wapya. Wanasema ni dhambi, basi. Mbona Mathayo 13:33 inafananisha ufalme wa mbinguni nayo, na Walawi 23:17 inaagiza mikate miwili iliyotiwa chachu iletwe kwa Bwana? Ifahamu kwanza yenyewe. Hawakuwa na amira ya paketi. Walibakiza donge lililochacha, wakalikandia unga wa kesho yake, hivyo hivyo siku zote. Kulitupa wakati wa Pasaka ni kukata ule ukoo wa donge na kuanza upya, na hapo ndipo Paulo anaposhika katika 1 Wakorintho 5, akisema waitoe chachu ya kale.

Waonyeshe kwa macho. Jumamosi jioni mwombe mama wa maandazi donge lililoumuka, ukubwa wa limau. Kanda unga wa ngano robo kilo katika kila bakuli, mabakuli mawili, donge ulitie katika moja tu. Maji yawe vuguvugu. Ya moto huua chachu, na asubuhi utakuwa na mabakuli mawili yanayofanana. Funika kwa kitambaa. Jumapili waache watoto wanuse, wabonyeze kwa kidole.

Pembeni weka ndoo ya lita 20. Pishi ya mana ilikuwa kama lita 2, lakini "pishi tatu" za unga ambazo mwanamke wa Mathayo 13:33 alizitia chachu ni kipimo kingine, kikubwa: unga wake ungeijaza ndoo hiyo ukamwagika.