Kazi iende nyumbani, dirishani abaki mtu

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama watumishi wa taasisi za serikali waruhusiwe kufanyia kazi nyumbani, na wakiruhusiwa wasimamiwe vipi. Mimi ni afisa utumishi katika taasisi moja hapa Dodoma. Sehemu ya pili ya swali ndiyo kazi yangu, nitaijibu kwa kirefu. Ya kwanza imeshajijibu yenyewe, maana watumishi wanafanyia kazi nyumbani tangu zamani, ila hakuna aliyewaandikia barua. Kipindi cha Bunge la bajeti majibu ya maswali ya wabunge yanaandikwa usiku sebuleni, mitaa ya Kisasa na Ilazo huko, rasimu inazunguka kwenye kundi la WhatsApp, na asubuhi mtu huyohuyo anakimbizana na daladala awahi kusaini. Hiyo nayo ni kazi ya nyumbani, tena ya namna mbaya, kwa sababu nyaraka ya serikali imelala kwenye simu ambayo jioni mtoto anaangalizia katuni. Barua pepe ya serikali ipo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Tunazikumbuka kwenye semina.

Sasa usimamizi. Kwetu kitabu cha mahudhurio kinakaa mapokezi, kalamu imefungwa kwa uzi ili isitembee. Ikifika saa 1:30 nachukua kalamu nyekundu napiga mstari, na atakayesaini chini ya mstari ana maelezo ya kunipa. Kwa mstari ule naweza kumwambia mkurugenzi nani aliwahi na nani alichelewa. Siwezi kumwambia waliowahi walifanya nini mpaka saa 9:30 alasiri. Kila aliyewahi kukaa ofisi ya umma analijua lile koti linaloshinda kwenye kiti, kompyuta imewashwa, kikombe cha chai ya saa nne kimepoa juu ya meza, na mwenyewe yuko mjini anafuatilia kiwanja. Kwa mujibu wa kitabu, yupo kazini. Ndiyo maana mkuu wa idara akiniambia, "Wakikaa nyumbani nitajuaje kama wanafanya kazi?" huwa namuuliza kwa heshima zote: wakiwa hapa, mkuu, unajuaje?

Vya kujulia vipo. PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma ulioichukulia nafasi OPRAS ya zamani, unamtaka kila mtumishi aingize majukumu yake, na msimamizi wake ayapitie na kuyapima. Kwenye e-Ofisi, mfumo wetu wa majalada ya kielektroniki, jalada likisimama linaonekana limesimamia kwa nani. Lakini kwetu PEPMIS inajazwa siku nikitishia kupeleka majina juu, na wapo wasimamizi wanaopitisha kazi za wiki nzima kwa mkupuo mmoja bila kusoma hata mstari. Mkuu wa kitengo asiyegawa kazi Jumatatu hatasaidiwa na mfumo wowote. Awe na watu wake chumba kimoja au awe nao mikoa mitatu, ni yuleyule.

Hili lilionekana Januari 2025. Dar es Salaam kulikuwa na mkutano mkubwa wa wakuu wa nchi za Afrika kuhusu nishati, barabara zikafungwa, na watumishi wa umma wa huko wakaelekezwa wafanyie kazi nyumbani tarehe 27 na 28. Tuna ofisi ndogo Dar. Kitengo kimoja bosi wake aliwatumia watu wake orodha Jumapili jioni: wewe maliza taarifa ya robo mwaka, wewe jibu barua hizi, wewe hakiki orodha ya madai. Jumatano kazi ilikuwa mezani. Kitengo cha jirani waliambiwa tu "tubaki nyumbani, tuwe hewani". Wakawa hewani kweli.

Nisieleweke kwamba nataka jengo libaki tupu. Mzee mstaafu ametoka Mpwapwa na basi la alfajiri, bahasha ya kaki imekunjwa mara mbili kwenye mfuko wa koti. Binti wa mapokezi anamwambia, "Shikamoo babu. Mhusika yuko kikaoni, labda urudi kesho." Mzee anaitikia marahaba, kisha anauliza, "Kesho nirudi kwa nauli ya nani, mjukuu wangu?" Hayo yanatokea leo, wakati wote tumesaini kitabu. Tukiruhusu watu wakae nyumbani bila mpango, kitakachobadilika ni sababu tu. Kwa hiyo mimi ningeanzia dirishani: kila huduma inayomleta mwananchi pale iwe na watu wawili wanaoijua, na jalada liwe kwenye mfumo kiasi kwamba aliyepo analifungua bila kumpigia aliye nyumbani. Taasisi isiyoweza hilo isimruhusu mtu wa huduma hiyo hata siku moja.

Na ruhusa ifuate kazi, isifuate cheo. Kuandaa taarifa, kuchambua takwimu, kuandika mpango, kupitia rasimu ya mkataba, hizo zinatoka nje ya ofisi bila shida, na mara nyingi zinakwenda vizuri zaidi mtu akiwa mbali na vikao vya kushtukiza. Masjala ya siri haitoki. Mapokezi hayatoki, wala dereva, wala mhudumu. Watu hawa waambiwe wazi, wasifichwe. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba tukiachia wakubwa wajipangie, watakaobaki nyumbani ni wao. Wana chumba cha kusomea na jenereta. Afisa wa daraja la chini aliyepanga chumba na sebule Nkuhungu, ana mtoto mchanga na redio ya jirani ukutani, huenda akaiona ofisi ya Mtumba, kwenye mji wa serikali, kilomita zipatazo 17 kutoka mjini, ndiyo sehemu pekee yenye utulivu. Asilazimishwe kubaki nyumbani ili tupunguze bili ya umeme.

Halafu kuna jambo letu wenyewe watu wa Dodoma, ambalo nikilisema kikaoni watu wanaangalia simu zao. Nyumbani ni wapi? Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika 1973, tukahama kweli baada ya tamko la 2016, na mpaka leo wapo wenzetu ambao familia, mashamba na mioyo yao viko Dar. Tangu treni ya SGR ianze kufika hapa Julai 2024 safari imekuwa ya saa chache. Mpe mtu wa hivyo ruhusa ya Ijumaa kufanyia kazi nyumbani, Alhamisi jioni yuko stesheni. Simlaumu, ana watoto. Ila kituo chake cha kazi ni Dodoma, na kuondoka kituoni kuna kibali chake. Kwa hiyo makubaliano yataje mahali kwa jina la mtaa, na yaseme kwamba akiitwa saa nne asubuhi awe amefika kabla ya saa sita.

Nasema makubaliano kwa sababu mdomo hautoshi. Marekani walitunga sheria mwaka 2010 inayozitaka taasisi za serikali kuu kuwa na sera ya kazi za mbali, kuteua afisa wa kuisimamia, na mtumishi kuandikiana na msimamizi wake kabla hajaanza. Rais Trump aliporudi madarakani, Januari hiyohiyo ya 2025, aliagiza watumishi warudi ofisini siku zote. Siasa zao ni zao. Karatasi yenye saini za pande mbili ndiyo ninayoitaka. Iseme ni kazi gani, siku gani, simu ipokelewe saa ngapi hadi saa ngapi, umeme ukikatika mtu anafanya nini. Iseme pia siku hizo zinahesabiwa vipi kwenye kanuni za utoro, kwa sababu leo mtumishi asiyeonekana kituoni bila ruhusa zaidi ya siku tano anaweza kufukuzwa kazi, na mimi ndiye ninayeandaa ile barua. Na akiteleza jikoni kwake saa tano asubuhi, je, ameumia kazini? Wanasheria watusaidie kabla hajateleza.

Kwa ofisi yangu nimependekeza tuanze Julai, mwaka mpya wa fedha ukiingia na Bunge la bajeti limeshapita, kwa watu wa mipango na wa TEHAMA tu, siku moja kwa wiki, Jumatano. Jumatatu na Ijumaa nimezikataa. Ratiba ya treni naijua. Kompyuta mpakato ziwe za ofisi, zenye namba ya mali ya serikali, na bando lilipwe na ofisi. Hapo kwenye bando ndipo tulipokwama. Mhasibu anasema hakuna kasma, yaani fungu la bajeti, ya intaneti ya mtumishi aliye nje ya jengo, na hawezi kuibandika kwenye posho. Namuelewa, mkaguzi akija atamuuliza yeye, siyo mimi. Tumeandika dokezo sabili, andiko la ndani la kuomba uamuzi, kwa mkurugenzi, na mara ya mwisho nilipoangalia kwenye mfumo lilikuwa bado liko kwake.